Mji wa Chini ya Bahari na Mzee wa Santuri

Nitaanza na ndege iliyoanguka baharini.

Ni mwaka 1960, usiku, katikati ya Atlantiki. Mafuta yanawaka juu ya maji, na abiria aliye hai ni mmoja tu. Anaogelea kuufuata mnara wa taa uliosimama peke yake juu ya mwamba, mahali ambapo hakuna bandari wala njia ya meli. Mlango uko wazi. Ndani kuna sanamu kubwa ya mtu mwenye uso mkali, na bango linalotangaza kwamba huku hakuna miungu wala wafalme, ni mtu basi. Chini kuna chombo cha chuma cha mviringo kama tufe. Abiria anaingia, anavuta mkono wa mtambo, chombo kinazama, na kupitia kioo anaona mji mzima umekaa sakafuni mwa bahari: maghorofa marefu, taa za rangi, matangazo ya maduka, nyangumi akipita polepole kati ya majengo.

Mji huo unaitwa Rapture. Hauko popote ila ndani ya gemu ya BioShock, iliyotoka mwaka 2007 chini ya uongozi wa Mmarekani Ken Levine. Watoto wawili wa dada yangu, wa kiume na wa kike, waliisikia kwa vijana wa kibanda cha gemu wakaja kuniomba niwatafutie. Nilikataa. Ina damu nyingi na imewekewa alama ya watu wazima. Lakini niliwaahidi kuwasimulia, kwa sababu nyuma ya damu ile kuna ubishi mzito kuliko gemu zote walizowahi kushika, na ubishi huo unaeleweka vizuri zaidi damu ikifutwa.

Ubishi wenyewe ni huu. Mtu akitoa jasho, matunda ya jasho lile ni yake peke yake, au jirani mwenye njaa ana fungu lake humo? Kijana alijibu kabla sijamaliza: "Ni yake, Mjomba. Kwani jirani alikuwa wapi wakati wa kulima?" Dada yake akasema: "Na nani alimfundisha kulima?" Wakaanza kurushiana maneno. Nikawaambia wanyamaze kwanza, wamsikie aliyeujenga mji.

Jina lake Andrew Ryan. Katika gemu hii tunaambiwa alizaliwa katika dola ya tsari wa Urusi, akawakimbia Wabolsheviki waliotwaa nchi mwaka 1917, akafika Marekani, akatajirika. Akanunua msitu. Watu wakasema msitu ule ni mali ya Mungu, ufanywe bustani ya umma ili kila mtu apumzike chini ya miti. Bunge lilipoelekea kuutaifisha, Ryan aliuchoma moto wote, mti kwa mti. Afadhali majivu yake kuliko kivuli cha watu. Baada ya vita vya pili vya dunia akatoroka na dunia nzima, akajenga mji chini ya bahari, ambako hakuna serikali ya kumtoza kodi, hakuna kasisi wa kumwambia atoe sadaka, na hakuna chama cha kumwambia mali yake ni ya umma. Akawaita wanasayansi, wasanii na wafanyabiashara waliochoka kuamriwa.

Sasa chukueni karatasi. Andikeni jina Andrew Ryan, kisha mtoe humo herufi za jina Ayn Rand. Zipo zote. Mtabakiwa na tatu tu.

Ayn Rand aliishi kweli. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1905, jina lake la kuzaliwa Alisa Rosenbaum, na baba yake alikuwa na duka la dawa. Alikuwa na miaka 12 mapinduzi yalipofika. Askari walikuja wakalifunga duka lile kwa jina la umma. Naomba mkae na picha hiyo kidogo. Mtoto amesimama, anamwona baba yake, mtu aliyesoma kwa shida na kujenga kazi yake mwenyewe, ananyang'anywa mlango na ufunguo, na wanaomnyang'anya wanasema wanafanya hivyo kwa ajili ya wengine. Familia ikajua njaa. Mwaka 1926 Alisa alipata ruhusa ya kwenda kuwatembelea jamaa Marekani, akaenda, hakurudi. Akabadili jina. Na maneno "kwa ajili ya wengine" yakabaki masikioni mwake kama hodi ya askari hadi alipofariki New York mwaka 1982.

Ndiyo maana hadithi zake zote ni mlango uleule ukifungwa. Mwaka 1938 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Anthem, kuhusu nchi ya baadaye ambako neno la kumaanisha "mimi" limefutwa na kusahauliwa. Kila mtu hujitaja kwa "sisi". Warusi wenzake walikwisha kuonja wazo kama hilo: Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli, alikuwa ameandika riwaya iitwayo Sisi, iliyochapishwa New York kwa Kiingereza mwaka 1924, ambamo watu wana namba badala ya majina na wanaishi katika nyumba za kioo.

Jaribuni kuifanya kazi hiyo ya kufuta kwa Kiswahili. Neno "mimi" ni jepesi kulitupa. Mtu aweza kushinda kutwa bila kulitamka. Lakini nafsi yetu haikai hapo. Imejificha kwenye "ni" ya nimechoka, kwenye "si" ya sitaki, kwenye mkia wa mama yangu. Dikteta wa Kiswahili angelazimika kuingia ndani ya kila kitenzi na kung'oa silabi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Napenda sana jambo hilo katika lugha yetu.

Ila lugha hiyohiyo ina upendeleo, na ni lazima niwaambie kabla hamjaendelea kubishana. Mwaka 1964 Rand alitoa kitabu cha insha ambacho jina lake lenyewe linauita ubinafsi fadhila. Msomaji wa Kiingereza alishtuka. Msomaji wa Kiswahili angeanguka na kiti. Kwetu "nafsi" ni neno safi, lakini ongeza silabi mbili tu, "ubinafsi", na umekwisha kumtukana mtu. Upande wa pili Mwalimu Nyerere alipotafuta jina la siasa yake, katika insha yake ya mwaka 1962, alichukua neno "jamaa", watu wanaokula nawe, akalifanya ujamaa. Na alieleza wazi kwamba hakuuanzisha kwa vita vya matabaka kama wakomunisti wa Ulaya walivyofundisha, aliuanzisha kwenye ukoo. Basi tukibishana kwa Kiswahili, timu moja inaingia uwanjani ikiwa imeshafungwa bao. Hapa nitasema falsafa ya mtu binafsi, angalau mechi ianze sare.

Kitabu chake kikubwa, Atlas Shrugged, kilitoka mwaka 1957. Kinene kweli. Wenye vipaji wote wa Marekani, wahandisi, wenye viwanda, hata mwanamuziki, wanagoma. Wanatoweka mmoja mmoja kwenda kujificha katika bonde la siri milimani, na nchi inaanza kuzimika kama taa zilizokosa mafuta. Humo kuna hotuba moja ndefu kiasi cha kurasa 60 hivi. Siwashauri muianze leo. Lakini kuna kisa kimoja ndani yake, kinasimuliwa na mzururaji aliyedandia treni, ambacho nadhani ni kazi bora kuliko hotuba yote.

Kisa ni cha kiwanda cha injini. Mwenye kiwanda anafariki, warithi wake wanakuja na mpango mpya, na wafanyakazi wanaupigia kura: kila mtu atatoa kadiri ya uwezo wake, na kila mtu atapewa kadiri ya haja yake. Wazo hilo la Karl Marx ni zuri kulisikia. Angalieni linavyofanya kazi pale. Anayeonekana ana uwezo anapangiwa saa za ziada, kwa hiyo baada ya miezi michache hakuna anayetaka kuonekana ana uwezo. Hodari anajifanya goigoi. Anayeonekana ana haja anapewa, kwa hiyo kila mtu anakuja mkutanoni na orodha ya shida zake, na za shangazi zake. Mtoto akizaliwa nyumba ya jirani watu hawaendi kupongeza, wanahesabu.

Na palikuwa na mzee mgane, hana mtoto, anapenda kitu kimoja tu duniani: santuri za muziki. Zamani alikuwa akiruka mlo ili anunue santuri mpya. Sasa mkutano ukaamua santuri ni anasa, hapewi. Mkutano huohuo ukapitisha kwamba binti wa mtu fulani, mwenye miaka minane, atiwe waya za dhahabu za kunyoosha meno, kwa sababu hiyo ni tiba. Mzee akaanza kunywa. Usiku mmoja akakutana na yule mtoto njiani, akampiga ngumi, meno yote yakatoka.

Nilipofika hapo watoto wote wawili walikuwa kimya. Kijana alisema, "Masikini yule mzee." Dada yake akamgeukia: "Mzee? Mtoto je?"

Hapo ndipo nilipotaka wafike. Katika kitabu, Rand amemchora mtoto huyo akiwa na sura mbaya na roho mbaya. Kwa nini? Ana miaka minane, hakupiga kura, hakuomba waya. Angeweza kuwa mtoto mzuri anayeona haya kucheka. Lakini angekuwa hivyo, huruma yetu ingegawanyika, nusu kwa mzee na nusu kwake, na mwandishi hakutaka igawanyike. Alitaka yote. Kwa hiyo akamnyima mtoto uzuri, kama mkutano ulivyomnyima mzee santuri. Tangu nilipoligundua jambo hilo, kila hadithi inayobishana huwa naisoma nikiuliza: mwandishi amemnyima nani nini, ili mimi nikubali? Na nani ametozwa bei?

Sasa turudi chini ya bahari na swali hilo mkononi.

Mji wa Ryan ulianza vizuri. Tatizo la kwanza lilikuwa vyoo. Kila aliyeshuka Rapture alikuja akijua atakuwa tajiri mkubwa, ila hata huko chini lazima mtu asafishe vyoo, achomelee mabomba, afagie. Waliofanya kazi hizo waliishi kwenye vyumba vinavyovuja maji ya bahari, na hakukuwa na njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu Ryan alipiga marufuku kila mawasiliano na dunia ya juu, ili serikali za huko zisijue mji uko wapi. Marufuku ikazaa magendo. Magendo yakamtajirisha mtu mmoja mjanja, Frank Fontaine. Fontaine akafungua nyumba ya maskini na nyumba ya mayatima, na sisi tungemwita mtu wa watu, kumbe alikuwa anakusanya jeshi. Ryan, mtu aliyechoma msitu wake usitaifishwe, akaweka adhabu ya kifo kwa wafanya magendo. Kisha Fontaine alipotangazwa amekufa, Ryan akaitwaa kampuni yake.

Mnaona? Akaitaifisha. Rafiki yake wa zamani, fundi bomba Bill McDonagh, alimkabili juu ya hilo, maana alikuwa ameamini kweli maneno yaliyokuwa bangoni. Bill aliishia vibaya. Kwangu mimi huyo fundi bomba ndiye moyo wa hadithi, ingawa mchezaji anamjua tu kwa sauti yake iliyorekodiwa kwenye kanda zilizotapakaa mjini. Yeye aliendelea kuishika imani ambayo mwenye imani alikuwa ameiacha.

Na sasa mabinti wadogo. Wanasayansi wa Rapture waligundua konokono wa baharini anayetoa kitu kiitwacho ADAM, chenye uwezo wa kubadili mwili wa mtu: moto vidoleni, umeme viganjani. Ili kitu hicho kipatikane kwa wingi, konokono waliingizwa matumboni mwa watoto wa kike waliochukuliwa katika nyumba za mayatima. Katika mji ambao kila kitu kina bei, hata watoto walipata bei. Mchezaji anapokutana na binti mmoja baada ya mwingine huwa na njia mbili. Akimvuna, mtoto anakufa, naye anapata ADAM 160. Akimwokoa, mtoto anapona na kukimbia, naye anapata 80.

Swali hili lilisifiwa sana dunia nzima, kwamba hatimaye gemu imemuuliza mchezaji habari ya utu. Nami nililisifu, mpaka nilipopiga hesabu. Pigeni nami. Ukiwavuna watatu unapata 480. Ukiwaokoa watatu unapata 240, lakini kwa kila watatu unaowaokoa unaletewa zawadi yenye ADAM 200, pamoja na vitu vingine vizuri. Jumla 440. Basi tofauti kati ya kuua watoto watatu na kuwaponya ni 40.

Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Walioitengeneza waliogopa wema usije ukamgharimu mchezaji, akakasirika. Lakini wema usiogharimu unathibitisha nini? Gemu nzima imejengwa kumpinga Rand, kisha mahali pale pale penye uzito inamnong'onezea mchezaji kwamba kusaidia kunalipa, usiwe na hofu, faida yako ipo. Rand mwenyewe asingekuwa na neno. Kumsaidia mtu kwa sababu kuna faida yako ndani yake ni jambo analoliruhusu kabisa. Ili hadithi imjibu kweli, ilipaswa kumwacha mchezaji na 240 zake, mnyonge, anapigwa na kila adui, na bado achague kuwaokoa. Binti wa dada yangu alisema yeye angewaokoa hata hivyo. Kaka yake alinyamaza muda mrefu kisha akasema ukweli: "Mimi ningewaokoa kwa zile 440." Nilimshukuru kwa kusema hivyo.

Kuna sehemu nyingine, hata hivyo, ambako gemu hii ilifanya kitu ambacho kitabu hakiwezi, na hapo naivulia kofia.

Tangu mwanzo abiria wetu anaongozwa na sauti ya redio. Ni mtu anayejiita Atlas, mtetezi wa makabwela, mwenye mke na mtoto waliokwama. Anaomba kwa adabu sana. Hebu tafadhali chukua kile chuma. Hebu tafadhali pita mlango ule. Na wewe uliyeshika pedi unafanya, kwa sababu gemu ndivyo zilivyo, unaambiwa nenda unakwenda. Saa zinapita. Mwishowe unafika chumbani kwa Ryan, ambaye umetumwa kumuua. Unamkuta anapiga gofu ndani ya ofisi yake. Hana silaha, hapigani. Anakueleza wewe ni nani: ulitengenezwa katika mji huu, ukauzwa kabla hujazaliwa, ukafundishwa utotoni kutii kila amri inayotanguliwa na yale maneno machache ya adabu. Ndege uliiangusha mwenyewe kwa amri hiyo. Yeye Ryan ndiye baba yako. Kisha anakupa fimbo ya gofu na kukuamuru, kwa maneno yaleyale, umpige. Huku anapigwa anarudia kwamba mtu huchagua na mtumwa hutii.

Na vidole vyako viko juu ya pedi, na pedi haifanyi kazi. Huwezi kusimamisha. Unatazama mkono wako ukiua.

Msomaji wa kitabu anaweza kumkatalia mwandishi. Anafunga kitabu, anakwenda kula. Mchezaji huyu amekwisha kutii kwa saa kadhaa, kwa hiari yake, akiamini anajiamulia. Haiwezekani kumwambia mtu jambo hilo kwa hoja. Lazima alifanye kwanza kisha aonyeshwe. Na angalieni ukarimu wa watengenezaji. Wanampinga Ryan, mji wake umeoza, mikono yake ina damu ya wafanya magendo. Lakini wamempa yeye, mpinzani wao, kifo chenye heshima kuliko vyote katika hadithi, na hoja yake bora kabisa, kwamba utu ni kuchagua, ikatamkwa bila kukatwa. Hawakumnyima sura. Atlas, mtetezi wa wanyonge, ndiye anayegeuka kuwa Fontaine yule yule, mzima, aliyevaa vazi la mapinduzi kama mtu avaavyo koti la kuazima.

Gemu ya pili, ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na kundi jingine, iligeuza meza. Mtawala mpya wa Rapture ni daktari wa akili, Sofia Lamb, anayehubiri familia moja isiyo na nafsi, na yuko tayari kumtoa mwanawe wa kumzaa awe wa kwanza kuipoteza nafsi hiyo. Ni gemu nzuri. Lakini Lamb hakupewa chumba cha gofu. Hakuna dakika moja ambayo mchezaji anatetemeka akijiuliza, je, kama mama huyu ana haki?

Dakika ya namna hiyo iko kwa George Orwell. Watu wengi humchukua Orwell kuwa adui wa usawa kwa sababu aliandika kisa cha nguruwe wanaopora mapinduzi ya wanyama. Alikuwa mjamaa. Alikwenda Hispania kupigana upande wa jamhuri, akapigwa risasi ya koo mwaka 1937, akapona. Kitabu chake kilitoka mwaka 1945, na Fortunatus Kawegere akakileta kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa kuwa siasa ya Tanzania. Kinachoumiza katika kisa kile ni farasi, mfanyakazi hodari asiyejua kulalamika, anayelipa bei yote. Orwell angekuwa hapendi usawa asingempenda farasi yule kiasi kile.

Na msidhani ubishi huu tunausoma tu kutoka ng'ambo. Euphrase Kezilahabi aliuandika kwa Kiswahili, nyumbani, ujamaa ukiwa bado wa moto. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, ya mwaka 1975, Tumaini anajijengea shamba kubwa, na sera ya kutaifisha inapolifikia, anaua, naye anahukumiwa kufa. Katika Gamba la Nyoka, ya 1979, wanakijiji wanahamishiwa vijiji vya ujamaa wasivyovitaka. Soma zote mbili ukitafuta mjinga ni yupi, utachoka. Kezilahabi alikataa kuwaweka wajinga wote upande mmoja. Mkikua kidogo mtazisoma.

Kabla hatujalala nilikuwa na kisa cha mwisho. Hiki ni cha kweli mwanzo hadi mwisho.

Mwaka 1984, Moscow, Alexey Pajitnov alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Usovieti. Alipewa kazi nzito, naye pembeni akatengeneza mchezo wa vipande vinavyoanguka kutoka juu, ambavyo mchezaji huvipanga visiache pengo. Kompyuta yake haikuweza kuchora picha, kwa hiyo vipande vya kwanza vilikuwa alama za mabano. Akauita Tetris. Kijana wa shule wa miaka 16, Vadim Gerasimov, akasaidia kuuhamishia kompyuta nyingine. Hawakuuza. Walinakili kwenye diski wakawapa marafiki, marafiki wakawapa marafiki, na mchezo ukaenea Moscow kama mafua.

Kisha ukavuka mpaka. Wafanyabiashara wa Uingereza, Marekani na Japani wakagombania haki ya kuuuza, na mwaka 1989 walifika Moscow mbele ya shirika la serikali, Elorg, kila mmoja akiitaka haki hiyo. Kampuni ya Nintendo ikaipata haki ya kuuweka kwenye kifaa chake kipya cha mkononi, Game Boy. Nakala zikauzwa kwa makumi ya mamilioni. Fedha zikaingia kwa wafanyabiashara na kwa dola ya Kisovieti. Aliyeubuni alikuwa amekabidhi haki zake kwa serikali kwa miaka kumi. Akahamia Marekani mwaka 1991, na ni mwaka 1996 tu alipoanza kupata malipo ya kila nakala inayouzwa.

"Kwa hiyo serikali ilimwibia," alisema kijana.

"Na wale wa Game Boy walimpa nini?" aliuliza dada yake. "Na kompyuta aliyoitumia ilikuwa ya nani? Na mshahara alilipwa na nani?"

"Na wazo lilitoka kichwani kwa nani?"

"Lakini aligawa bure mwenyewe, Mjomba amesema! Kwenye diski!"

Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Nikawaacha. Walipochoka nikawaambia ninataka kitu kimoja tu: kila mmoja anisimulie kisa cha upande asioupenda, na asimnyime mtu wake sura. Kijana aende kwa yule mtoto wa meno, amtazame uso, aniambie alikuwa anacheka vipi kabla ya usiku ule. Kijana akasema hajui aanzie wapi, anahitaji kulala nalo. Dada yake hakutaka kungoja. Alivuta mkeka mbele, akakunja miguu.

"Paukwa," akasema.

"Pakawa."

"Hapo kale palikuwa na mtu aliyekimbia nchi yake, hana kitu. Akafanya kazi miaka mingi. Akanunua msitu. Kila asubuhi alikuwa anaingia peke yake, anaigusa miti, kwa sababu nchini kwao hakuwahi kuwa na hata mti mmoja ambao..."

"Aliuchoma," akadakia kaka yake.

"Subiri," akasema. "Bado hajafika huko."